Tovuti za Mafundi wa Eastlands: Utangulizi

Vitu tunavyokualika uvisome havimo katika rafu za maktaba wala kwenye kabati za makumbusho. Vimo katika diski za kompyuta kuukuu, katika akaunti za barua pepe ambazo nywila zake zimesahaulika, na kwenye seva za kukodi zinazolipiwa mwaka baada ya mwaka. Ni tovuti zilizobuniwa na kuandikiwa msimbo na mafundi wa kujitegemea wa Buruburu, Umoja, Donholm, Kayole, Dandora na mitaa mingine ya Eastlands, yaani mashariki ya Nairobi, kwa ajili ya shule, makanisa, vyama vya ushirika, maduka ya vipuri, bendi za muziki na vikundi vya vijana. Fundi wa namna hii hana mwajiri. Mteja humjia kwa kuelekezwa na mtu, wakapatana bei, kazi ikafanywa na kukabidhiwa, naye akaendelea kutafuta mwingine. Akiulizwa ameshafanya nini, hutoa orodha ya tovuti alizotengeneza. Orodha hiyo, ambayo kwake ni ya kutafutia riziki, kwetu ni nyaraka.

Nina dai moja tu katika utangulizi huu, nalo ningependa ulipime kwa makini. Kazi hizi ni ushahidi wa historia ya Eastlands sawa na barua, ramani, picha na daftari za mikutano, na zinafaa kusomwa kama kazi za ufundi zilizofanywa chini ya masharti ya pesa, vifaa na makubaliano. Tumezoea kuzitazama kama nakala hafifu za tovuti za Ulaya na Marekani. Mazoea hayo yametunyima mengi, na yamefanya nyingi ziachwe zipotee bila mtu kujuta.

Simulizi ya teknolojia ya Nairobi inayojulikana zaidi hupitia magharibi ya jiji. Januari 2008, katika siku za ghasia zilizofuata uchaguzi, Ory Okolloh, Erik Hersman, Juliana Rotich na David Kobia walianzisha Ushahidi, programu ya kukusanya taarifa za wananchi na kuziweka kwenye ramani. Mwaka 2010 iHub ikafunguliwa Ngong Road, na wanahabari wa kigeni wakawa wanafika kuandika kuhusu Silicon Savannah, jina la utani la teknolojia ya Nairobi. Hayo yalitokea kweli na yanastahili heshima yake. Lakini mwalimu mkuu wa shule ya kibinafsi ya Kayole aliyetaka matokeo ya wanafunzi wake katika KCPE, uliokuwa mtihani wa kumaliza shule ya msingi, yaonekane kwenye intaneti hakuwa na haja ya kwenda Ngong Road. Alimtafuta kijana wa mtaani aliyesifiwa kwamba anajua kompyuta. Utafiti wetu unaanzia kwa kijana huyo.

Wala hatuanzi bila wazee waliotutangulia. Mwaka 1972 ujumbe wa Shirika la Kazi Duniani ulitoa ripoti kuhusu ajira nchini Kenya, na ripoti hiyo ikawafanya wachumi wa nchi nyingi waitazame kwa heshima kazi isiyo rasmi, ile tunayoiita jua kali. Kenneth King aliwafuatilia mafundi wa aina hiyo kwa miaka mingi: kitabu chake The African Artisan kilitoka mwaka 1977, na Jua Kali Kenya kikafuata mwaka 1996. Kutoka kwake tunajifunza kumuuliza fundi maswali ya fundi. Ulijifunza kwa nani? Vifaa ulivipata wapi? Uliiga nini, na ulipoiga ulibadilisha nini? Luise White, katika The Comforts of Home cha mwaka 1990, alionyesha kwamba historia ya Nairobi ya kikoloni yaweza kuandikwa kutokana na kazi za wanawake ambao kumbukumbu rasmi ziliwataja kwa dharau tu. Mbugua wa Mungai naye, katika Nairobi's Matatu Men cha mwaka 2013, aliwachukulia manamba na matatu zao kama jambo la kusomwa kwa uzito. Anayevisoma vitabu hivi amekwisha kupata nusu ya mbinu anazozihitaji. Nusu ya pili ataipata kwa watu kama Niels Brügger wa Denmark na Ian Milligan wa Kanada, ambao wameandika kwa kina kuhusu namna mwanahistoria anavyopaswa kuzitumia tovuti zilizohifadhiwa: kwamba nakala iliyohifadhiwa si ile tovuti yenyewe, na kwamba vipande vya ukurasa mmoja vinaweza kuwa vimekusanywa kwa siku tofauti.

Sasa tufike kwenye kazi zenyewe, maana nadharia bila kurasa mbele ya macho haitatufikisha mbali.

Jambo la kwanza la kuuliza mbele ya tovuti ya zamani ni: ilikuwa na uzito gani? Kabla ya nyaya za SEACOM na TEAMS kufika Mombasa kupitia baharini mwaka 2009, Kenya ilitegemea setilaiti kwa mawasiliano yake ya intaneti na dunia, na gharama yake ilikuwa kubwa. Modemu ya simu yenye kasi ya kilobiti 56 kwa sekunde, hata ikifanya kazi kwa nguvu zake zote, ilihitaji zaidi ya dakika mbili kupakua ukurasa wa megabaiti moja. Weka mteja wa saiba anayetozwa kwa dakika, weka laini moja inayogawanywa kati ya kompyuta kadhaa, na utaona kwamba picha kubwa ya jengo la shule ilikuwa ikila pesa ya msomaji. Fundi aliyeikata picha hiyo vipande vidogo, akapunguza rangi zake, akaihifadhi kama GIF na kuipanga upya ndani ya jedwali la HTML, alikuwa anafanya hesabu ya nauli ya mtu mwingine. Kurasa za miaka ile zinaonekana nyembamba, za rangi chache, zenye maandishi mengi na picha ndogondogo. Mwanafunzi wa leo huona ushamba. Ninachokiona mimi ni ustadi wa kubana matumizi ambao wabunifu wa nchi zenye intaneti ya kasi waliusahau mapema, kisha wakaanza kuufundishana upya simu zilipokuwa dirisha kuu la intaneti.

Na simu ndizo zilizobadili kila kitu. Katika sensa ya mwaka 2019, asilimia 22.6 ya Wakenya wa miaka 3 na zaidi walisema wametumia intaneti, lakini waliotumia kompyuta walikuwa asilimia 10.4 tu. Maana yake ni wazi: wengi waliokuwa wakizifungua tovuti hizi hawakuwa mbele ya kompyuta. Ethan Marcotte alipoandika mwaka 2010 kuhusu kubuni kurasa zinazojipanga upya kulingana na upana wa skrini, wazo lake lilisambaa polepole katika makampuni makubwa, lakini kwa fundi wa Umoja lilijibu swali ambalo wateja walikuwa tayari wanamuuliza: mbona kwenye simu yangu haionekani vizuri? Ukilinganisha kazi za fundi mmoja za mwaka 2008 na za mwaka 2014, mara nyingi badiliko hilo ndilo litakalokuonyesha alipogeuka. Menyu ya upande wa kushoto imetoweka, namba ya simu imepandishwa juu kabisa, nayo ikiguswa inapiga.

Nitakaa kidogo kwenye suala la tarehe, kwa kuwa wanaoanza hupotea hapo. Tovuti nyingi za mitaani hazina tarehe ya kuaminika. Mwaka ulioandikwa chini ya ukurasa unaweza kuwa ule wa kukabidhiwa kazi na haukuguswa tena, au unajibadilisha wenyewe kila Januari huku maudhui yakiwa ya muongo uliopita. Kwa hiyo tunatafuta ushahidi mwingine. Ukurasa wa mawasiliano ni hazina. Namba za 0722 na 0733 zinarejesha kumbukumbu ya miaka ya mwanzo ya simu za mkononi, baada ya Safaricom na Kencell kuanza biashara mwaka 2000. Kencell ikawa Celtel mwaka 2004, Celtel ikawa Zain mwaka 2008, Zain ikawa Airtel mwaka 2010. Tovuti inayowaelekeza wateja kwenye laini ya Zain imejipa muhuri wa miaka miwili. Ikitaja M-Pesa, huduma ya Safaricom ya kutuma pesa kwa simu, haikuandikwa kabla ya Machi 2007. Ikitaja namba ya till ya Lipa na M-Pesa, tuko mwaka 2013 au baadaye. Ikijitambulisha kuwa iko Mkoa wa Nairobi badala ya Kaunti ya Nairobi, yaelekea iliandikwa kabla ya serikali za kaunti kuanza kazi mwaka 2013. Anwani ya barua pepe ya Yahoo kwenye tovuti yenye jina lake la .co.ke haitoi tarehe, lakini inatoa habari nyingine nzuri: mteja alilipia jina na ukurasa, akaona barua pepe ya biashara ni gharama ya ziada, au fundi hakumwonyesha kwamba alikuwa nayo tayari.

Kisha fungua msimbo wenyewe. Kivinjari chochote kinakuruhusu kuutazama, na hakuna sababu ya mtafiti wa fasihi au historia kuuogopa. Katika mistari ya juu mara nyingi utakuta programu iliyotumika kuujenga ukurasa imejitaja pamoja na toleo lake. Joomla 1.5 ilitoka Januari 2008, WordPress 3.0 ikatoka Juni 2010. Tovuti haiwezi kuwa na umri mkubwa kuliko chombo kilichoijenga, ingawa chombo kinaweza kuwa kimebadilishwa baadaye chini ya maudhui yaleyale. Tazama majina ya faili na folda. Tazama sehemu zilizofichwa kwa alama za maelezo, ambamo fundi aliweka kitu ambacho mteja alikikataa lakini hakutaka kukifuta. Tazama maandishi ya Kilatini ya kujazia nafasi yaliyosahaulika katika ukurasa wa ndani: hapo pana mteja aliyeahidi kuleta habari za idara zake na hakuzileta kamwe. Na mwisho tazama lugha ambayo msimbo unatangaza kuwa ni ya ukurasa. Kwenye tovuti nyingi za mitaa hii imeandikwa en, kwa sababu ndivyo kiolezo kilivyokuja. Kiswahili kina alama yake, sw, inayotambuliwa kimataifa. Kuikuta ni nadra, na kila inapoonekana kuna mtu aliyefanya uamuzi.

Suala hilo la lugha linanigusa kwa namna ya pekee. Eastlands ndiko Sheng ilikokulia. Tangu Ghetto Radio ianze kusikika kwenye 89.5 FM, imekuwa ikithibitisha kila siku kwamba lugha hiyo inabeba habari, matangazo na mijadala. Hata hivyo duka la vipuri ambalo mwenyewe huuza kwa Sheng na Kiswahili kutoka asubuhi hadi jioni lilipotaka tovuti, liliagiza Kiingereza. Tusiharakishe kulaumu. Tovuti ilikuwa ikitengenezewa msomaji aliyefikiriwa: mfadhili, meneja wa benki, mzazi anayefananisha shule mbili, ndugu aliye ng'ambo. Mtaa wenyewe ulikuwa umeshapata habari kwa mdomo. Swali la kumuuliza fundi ni nani alichagua lugha, na kama kulikuwa na mazungumzo juu yake. Majibu ya swali hilo, yakikusanywa mtaa kwa mtaa, yangetupa sura nzima ya historia ya lugha za Nairobi ambayo bado haijaandikwa.

Shule zinahitaji aya yao. Elimu ya msingi ilipofanywa kuwa ya bure Januari 2003, madarasa ya shule za umma yalijaa kupita kiasi, na wazazi wengi wa mitaa ya kipato cha chini na cha kati wakawahamishia watoto wao shule za kibinafsi. Shule hizo zikawa na washindani kila kona, na ushindani huo ukawapa mafundi wa tovuti kazi. Ndiyo maana katika tovuti za shule za Eastlands mara nyingi utakuta jedwali la matokeo ya KCPE, lenye wastani wa alama kati ya jumla ya 500, mwaka mmoja chini ya mwingine. KCPE ya mwisho ilifanywa mwaka 2023. Majedwali hayo sasa ni kumbukumbu ya mfumo uliokwisha, jinsi ulivyotangazwa na wale waliouza huduma ndani yake, na huenda sehemu kubwa yake haiko mahali pengine popote isipokuwa katika kurasa hizi.

Pingamizi tunalosikia mara kwa mara ni kwamba hakuna ubunifu hapa: fundi alichukua kiolezo kilichotengenezwa na mtu wa mbali, akabadilisha nembo na rangi, akamaliza. Ni kweli kwamba violezo vilitumika, na sana. Lakini historia ya mitaa hii ingetufundisha kulijibu pingamizi hili. Katika mradi wa Dandora uliofadhiliwa na Benki ya Dunia kuanzia mwaka 1975, waliopewa viwanja walikuta choo, bafu na mabomba vimekwisha kuwekwa, nao wakajenga vyumba kwa uwezo wao. Buruburu, iliyoanza kujengwa mwaka 1973, ilikabidhiwa ikiwa na nyumba za ramani chache zinazofanana. Tembea huko leo uone vioski vilivyotokeza mbele, vyumba vya kupangisha vilivyoongezwa nyuma, kliniki na saluni zilizochukua sebule. Hakuna mtafiti wa makazi anayesema kwamba hakuna la kujifunza Buruburu kwa kuwa ramani ilikuwa moja. Anaenda kuangalia kilichoongezwa. Kiolezo cha tovuti nacho kisomwe hivyo. Kwa kuwa toleo la asili la kiolezo mara nyingi bado linapatikana, tunaweza kulinganisha mstari kwa mstari na kuona fundi alifuta nini, aliongeza nini, na alilazimika kuvunja nini ili mteja apate anachotaka. Alifuta kitufe cha kulipa kwa kadi, akaandika mahali pake namba ya paybill pamoja na hatua za kufuata kwenye simu. Alifuta ramani, akaandika maelekezo ya kushuka steji fulani na kuulizia. Alifuta picha ya wafanyakazi wa ofisi za kigeni; au aliiacha, na kuiacha kwake pia kuna sababu.

Kuhusu malipo ya M-Pesa, hapa nitapita kwa haraka kwa kuwa wenzangu wa uchumi wanaandika vizuri zaidi. Itoshe kusema kwamba kabla Safaricom haijafungua mfumo wake wa Daraja kwa waandishi wa programu mwaka 2017, kuunganisha tovuti ndogo na M-Pesa kulikuwa kazi ngumu, na wengi walitumia njia ya mkono: mteja alilipa, akatuma ujumbe wa uthibitisho, mtu akaulinganisha na simu yake. Tovuti ilionekana kuuza, kumbe nyuma yake alikuwepo mtu aliyeshika simu.

Makubaliano kati ya fundi na mteja ni sehemu tajiri kuliko zote, na ndiyo iliyochunguzwa kidogo zaidi. Mara nyingi hayakuandikwa. Malipo ya awali yalitolewa, kazi ikaanza, salio likasubiri. Jina la tovuti lilisajiliwa kwa barua pepe ya nani? Hapa ndipo ugomvi mwingi ulipozaliwa, maana anayeshika akaunti ndiye anayeshika tovuti, na wamiliki wa biashara waligundua hivyo siku fundi alipohama, alipopata ajira, au walipokosana. Sheria nayo ina neno. Kwa mujibu wa Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya mwaka 2001, kazi ikiagizwa na mtu asiye mwajiri wa mtunzi, hakimiliki huchukuliwa kuwa imehamia kwa aliyeiagiza, isipokuwa pande hizo mbili zimekubaliana vinginevyo. Kwa hiyo orodha ya kazi ambayo fundi huionyesha kwa fahari ina vitu ambavyo kisheria huenda si vyake tena. Na kwa mujibu wa Sheria ya Matumizi Mabaya ya Kompyuta na Uhalifu wa Mtandaoni ya mwaka 2018, kuingia katika mfumo wa mtu bila idhini ni kosa, hata kama nywila ya zamani bado iko kichwani mwako. Mtafiti anayeomba kuonyeshwa tovuti iliyofungwa lazima ajue ni ruhusa ya nani anayoihitaji. Aghalabu ni ya wawili.

Ushindani ulikuja pia kutoka juu. Mwaka 2011 Google, pamoja na washirika wa hapa nchini, ilizindua mpango wa kuwapa wafanyabiashara wadogo wa Kenya tovuti na jina la .co.ke bila malipo ya kuanzia. Kwa fundi aliyekuwa akilipwa kwa kazi hiyohiyo, hilo lilikuwa jambo la kutafakari. Kisha kurasa za Facebook na baadaye WhatsApp zikachukua wateja ambao hawakuhitaji zaidi ya picha, bei na namba ya simu. Katika orodha za kazi za miaka hiyo utaona mafundi wakihama: wengine kuelekea mifumo ya ada za shule na hesabu za vyama vya ushirika, wengine kuelekea kazi za wateja wa nje wanaopatikana kwenye majukwaa ya ajira za mtandaoni, ambako majina ya mitaa yao hayatajwi kabisa. Tovuti za saluni na hoteli ndogo zinapungua kwenye orodha. Kupungua huko kusitafsiriwe kama kushindwa kwa mafundi. Soko ndilo lililogeuka.

Sasa jambo linalonikosesha utulivu. Tovuti hizi zinakufa kwa sababu ndogo sana. Ada ya mwaka ya jina haikulipwa. Seva ilihamishiwa toleo jipya la PHP na msimbo wa zamani ukagoma. Matoleo ya tano yalikoma kuhudumiwa mwishoni mwa mwaka 2018, na kazi nyingi za muongo uliotangulia zilikuwa zimejengwa juu yake. Programu ya Flash iliyobeba michoro ya utangulizi ilizimwa mwishoni mwa mwaka 2020. Tovuti isiyosasishwa ikavamiwa na wauza dawa za bandia, na mwenye nayo akaona afadhali ifungwe. Kuna Internet Archive, iliyoanzishwa na Brewster Kahle mwaka 1996 na kufungua nakala zake kwa umma mwaka 2001, na bila hiyo tusingekuwa na mengi ya kuzungumzia. Lakini mashine zake hufuata viungo kutoka tovuti moja hadi nyingine, na shule ya Kayole ambayo hakuna aliyeiwekea kiungo hupitiwa kwa nadra. Mara nyingi tunapata ukurasa wa mwanzo bila picha, na kurasa za ndani hazimo. Nakala kamili, kama ipo, iko kwa fundi.

Kwa miaka mingi sheria ya Kenya imewataka wachapishaji wa vitabu wawasilishe nakala kwa msajili wa serikali. Fundi wa tovuti hakuwahi kubishiwa hodi na mtu wa namna hiyo. Naamini kazi ya kuzihifadhi tovuti hizi inapaswa kuanzia karibu na mahali zilipotengenezwa. Maktaba za Kaloleni na Makadara, ambazo shirika la Book Bunk limezikarabati, ziko katikati ya mitaa tunayoizungumzia, na zinajulikana na wakazi. Kompyuta moja, diski mbili na mtu aliyefundishwa kutengeneza faili za WARC, ambazo ni muundo wa kimataifa wa kuhifadhi tovuti, vingetosha kuanza. Hilo ni pendekezo langu kwa taasisi hizo na kwa idara zetu za historia, nami nalitoa kwa dhati.

Tahadhari moja ni ya lazima. Tovuti za shule zimejaa majina na nyuso za watoto ambao sasa ni watu wazima na hawakuulizwa. Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 haichezewi: mwaka 2023 shule moja ya Nairobi ilitozwa faini ya shilingi 4,550,000 kwa kuchapisha picha za wanafunzi bila idhini ya wazazi. Mtafiti anaweza kuuchambua mpangilio wa ukurasa huku amezifunika nyuso. Anaweza kuandika kuhusu jedwali la matokeo bila kumtaja mtahiniwa hata mmoja. Hifadhi ya ndani na uchapishaji wa hadharani ni vitu viwili, na tofauti yake ifundishwe siku ya kwanza ya somo.

Bado hatujui vya kutosha kuhusu wanawake waliofanya kazi hii, ambao majina yao mara nyingi yamefichwa nyuma ya jina la biashara. Bado hatujaandika jinsi ujuzi ulivyopita kutoka saiba hadi saiba, nani alimfundisha nani, na kwa malipo gani. Hatujalinganisha Eastlands na Kariakoo ya Dar es Salaam au Mji wa Kale wa Mombasa, ambako wateja na lugha ni tofauti. Kila moja ya kazi hizo inamngoja mtu.

Kama wewe ni fundi, tafuta kazi zako za zamani wiki hii, zikusanye mahali pamoja, na kwa kila moja andika mwaka, mteja, programu uliyotumia, uliyeshirikiana naye, na kile ulichotaka kufanya mteja akakataa. Usichague nzuri tu. Zile unazozionea haya nazo zina habari. Kama wewe ni mwanafunzi, anza na tovuti ya shule ya msingi ya mtaa wako. Pakua kurasa zake zote kabla malipo ya jina lake hayajaisha muda, kisha umtafute aliyeitengeneza na umwombe akueleze aliijenga vipi.